Shajara ya mradi: shairi la babangu kwa nyuzi sita

2 Juni

Gita limefika nyumbani leo. Nimelinunua kwa jirani anayehamia bara, shilingi 6,500 pamoja na mfuko wake wenye zipu iliyokufa. Ni la nyuzi za nailoni, na hilo ndilo nililolitaka. Nailoni haichomi sana vidole vya mtu anayeanza, na sauti yake ni ya upole, haiko mbali na ya udi wa taarabu.

Mradi wenyewe nauandika hapa mwanzo ili nisijidanganye njiani. Babangu alikuwa na shairi lake. Aliliandika ujanani alipokuwa baharia, jahazi lao limekwama Tanga likingojea upepo, na mamangu yuko huku Mombasa. Baadaye aliiacha bahari akafanya kazi bandarini Kilindini, lakini shairi hakuliacha. Alilighani jioni barazani miaka na miaka, kwa mahadhi yale yale. Alifariki 2019. Kanda moja aliyojirekodi imeliwa na unyevu. Daftari la maneno lipo. Mahadhi yamebaki vichwani mwetu wawili tu, mimi na mamangu.

Ubeti wa kwanza ni huu:

Usiku una kishindo, mawimbi yananiita
Moyoni nina mafundo, machozi sijayafuta
Nakumbuka zako nyendo, ndiwe ninayekuota
Kusi ikija narudi, fungua mlango wako

Nataka kuyapiga mahadhi hayo kwa vidole, bila kuimba hata neno moja, mpaka mamangu ayatambue pasipo kuambiwa. Muda nimejipa mpaka kusi iishe, yaani mwisho wa Agosti hivi. Sijawahi kushika gita maishani. Mchana nauza leso Biashara Street; wakati wangu ni baada ya isha, dakika 40, mlango wa chumba umefungwa.

6 Juni

Siku nne zimekwenda kwa vidole vya mkono wa kulia peke yake. Gumba linashika nyuzi nene, wa 6, wa 5 na wa 4. Shahada ni ya uzi wa 3, cha kati ni cha uzi wa 2, cha pete ni cha uzi wa 1. Kidole cha mwisho hakina kazi. Huo ndio mgawanyo wa mwanzo tu, kwa sababu wimbo ukianza kutembea vidole navyo huhama.

Si lazima kutumia vidole vinne. Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga kule Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa gumba na shahada, na George Mukabi kule magharibi mwa Kenya naye alipiga hivyo hivyo. Vidole viwili tu, na unadhani ni watu wawili wameketi pamoja. Mimi nimechagua vinne kwa sababu nataka kidole cha pete kiwe mwimbaji wangu, kisiwe na kazi nyingine ila kuimba. Gumba liwe mawimbi.

Nyuzi nimezibadilisha zote. Nailoni mpya hunyooka kwa siku kadhaa, kwa hivyo kila nikirudi kutoka kazini nakuta sauti zimeshuka. Natyuni kwa programu ya simu: uzi wa 5, A, unatakiwa utetemeke mara 110 kwa sekunde. Jana ulikuwa 106. Naona ni vizuri kwamba kila kikao kinaanza kwa kusikiza.

9 Juni

Kucha za mkono wa kushoto nimezikata mpaka nyamani. Za kulia naziacha zipite ncha ya kidole kidogo tu, nazipiga tupa ziwe duara, kisha nazilainisha. Ukucha ukiwa na kona, uzi hukwaruza.

15 Juni

Leo nimeupata mstari wa kwanza. Sikutumia karatasi. Nilighani silabi moja polepole, nikaitafuta kwenye uzi, nikaipata, nikaandika, nikaenda ya pili. Saa mbili zimeishia kwenye silabi 16. Nauandika hapa kwa herufi za noti, silabi moja noti moja, usije ukapotea kama kanda (shapu ni noti iliyopandishwa nusu hatua):

Usiku una kishindo: A, C, B, C, B, A, C, B.
Mawimbi yananiita: B, D, C, C, B, A, G shapu, A.

Yote iko karibu na kichwa cha gita, mahali pa mtu anayeanza. A ni uzi wa 3 freti ya 2, yaani nafasi ya pili kati ya vile vyuma vya shingoni. B ni uzi wa 2 wazi, bila kubonyeza. C ni uzi huo huo freti ya 1, D ni freti ya 3. G shapu ni uzi wa 3 freti ya 1. Mkono wa kushoto hausafiri popote.

Nilipoifikia ile G shapu ya mwisho, kwenye "yananiita", nilijua ni yenyewe kabla sijaiandika. Babangu alikuwa akiivuta pale mpaka unatamani kumsaidia kufika. Kisha ndipo anatua, "ta".

22 Juni

Besi, zile sauti za chini za gumba, zimeingia. A ni uzi wa 5 wazi, E ni uzi wa 6 wazi, D ni uzi wa 4 wazi. Wimbo huu una bahati hiyo, kwamba besi zake zote tatu ni nyuzi wazi, kwa hivyo mkono wa kushoto unabaki na kazi ya sauti ya juu tu. Mtu anayeanza na atafute wimbo wa A maina kama huu, yaani wa ngazi ya huzuni inayotua kwenye A, asing'ang'anie ule aliouona kwa fundi.

Gumba linapiga mara nane kwa kila mstari, sawasawa, metronomu ya simu, ile inayogonga mdundo, ikiwa 60 kwa dakika. Mkono umeanza kuelewa.

29 Juni

Wiki hii nimefanya kazi nyingi na nina furaha. Kati ya noti za wimbo nimejaza nyuzi nyingine, gumba, shahada, kati, gumba, shahada, kati, maji yanayotiririka. Nimejifunza kwa video. Chumba kizima kinajaa sauti. Mistari yote minne nimeimaliza na nimefika 80 kwa dakika bila kukosea.

6 Julai

Jumapili. Mamangu alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nikatoka na gita, nikaketi karibu naye kama mtu anayejizoeza tu, nikapiga ubeti mzima kutoka mwanzo hadi mwisho bila kosa hata moja.

Akasikiza. Alipoona nimemaliza akasema, "Mashallah, vidole vimekuwa vyepesi. Ni wimbo gani huo?"

Nikamwambia ni zoezi.

8 Julai

Sikupiga.

10 Julai

Nimeweka simu juu ya kabati, mbali nami, nikajirekodi, kisha nikangoja mpaka leo asubuhi ndipo nisikize, ili masikio yasiwe yale ya usiku. Nilifanya hivyo nikiwa dukani kabla wateja hawajaingia, spika ya simu sikioni.

Nilichosikia ni gumba. Dum, dum, dum, dum. Juu yake maji yanatiririka. Wimbo uko mahali humo ndani, lakini hautoki. Nikijua unakwenda wapi naufuata, nisingejua, nisingeuona. Mikononi mwangu nilikuwa nausikia kwa nguvu kwa sababu kichwani nilikuwa nikiughani wakati wote. Kichwa kilikuwa kinajaza kile ambacho vidole havikukitoa.

Hili nalipigia mstari kwa ajili ya yeyote anayeanza kama mimi: jirekodi mapema, wiki ya pili, si ya sita.

13 Julai

Ami wa ghorofa ya chini aliwahi kupiga udi katika kikundi cha taarabu zamani, na mpaka leo akizungumza mkono wake wa kulia huenda kama umeshika risha ya kupigia nyuzi. Asubuhi nilimpelekea mahamri nikamwomba anisikize. Alisikiza ubeti mzima akitazama kikombe chake. Juu ya gita hakusema lolote. Alisema, "Hebu nisomee hayo maneno yake."

Nikasoma.

"Sasa usisome. Ghani."

Nikaghani, kwa aibu, maana sauti yangu si ya mbele za watu.

"Haya. Mbona kwa mdomo wapumzika, na kwa mkono hupumziki?"

Nilirudi juu nikafungua daftari la babangu. Kila mstari una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Kina cha kati ni "ndo", cha mwisho ni "ta". Tulifundishwa hivyo shuleni na nikapasi mtihani, na kumbe sikuwahi kufikiri kwamba kile kina cha kati ni mahali pa pumzi. Hakuna anayeghani shairi akapita "kishindo" moja kwa moja hadi "mawimbi". Hutulia pale. Hata anayesikiza hutulia naye.

Gumba langu halikutulia. Lilikuwa likivuka kina cha kati kama gari linalovuka kivuko bila kutazama, na yale maji ya katikati yakaziba nafasi iliyobaki. Mamangu hakuyatambua mahadhi kwa sababu hajapata kuyasikia bila pumzi. Kwake yeye si yenyewe.

Nimefuta vijazio vyote. Kazi ya wiki mbili. Nimebaki na sauti ya juu na besi.

16 Julai

Wimbo mtupu unatisha. Kila noti inasimama peke yake na aibu zake zote.

Nimegundua jambo la gita ambalo pengine kila mpigaji analijua. Mwimbaji akishika noti anaweza kuikuza katikati, na mpiga fidla vile vile. Sauti ya gita huanza kufa pale pale kidole kinapotoka uzini, na ya nailoni hufa upesi zaidi. Kwa hivyo noti inayofuata, ukiipiga kwa nguvu ile ile ya mwanzo, inakuwa kama mtu amegonga mlango upya. Inabidi usikize noti iliyotangulia imefika wapi katika kufa kwake, kisha uipige ya pili kuanzia hapo, kwa nguvu ile iliyobaki. Ndipo zinashikana, zinakuwa sentensi. Na kidole cha kushoto kisiinuke mapema. Kibaki kimebonyeza mpaka noti ya pili ifike ndipo kiachie.

Nimefanya hivyo kwa silabi tatu tu, u-si-ku, dakika 40 zote. Sijachoka nazo.

20 Julai

Leo ndiyo siku kubwa ya mradi huu mpaka sasa, naiandika kwa urefu.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hatufikirii, ulimi unajua. Tunasema u-SI-ku, ki-SHI-ndo, ma-WI-mbi, ya-na-ni-I-ta. Nikalichukua daftari jipya nikaandika mstari wa kwanza kwa penseli, kila silabi na noti yake, nikaweka alama kwenye zenye mkazo. Kisha nikasikiza rekodi ya zamani huku nikifuata kwa kidole.

Gita langu lilikuwa likisema Kiswahili cha mgeni. Besi ya kwanza niliiweka chini ya "u", kwa sababu ndiyo noti ya kwanza, basi ikatoka U-siku. Ya katikati ikaangukia "ki", ikawa KI-shindo. Ma-wi-MBI. Mtu akikusemesha hivyo barabarani utamwelewa, lakini hutamwambia siri zako.

Nimezihamisha besi. A ikae chini ya "si". E chini ya "shi". D chini ya "wi". E tena chini ya "i" ya "yananiita", na A ya kutulia chini ya "ta". Kutoka besi nane zimebaki tano, na kila moja sasa inafanya kazi: inaishika silabi mkono na kuipandisha ngazi. Silabi nyingine hazina kitu chini yake, zinapita nyepesi, kama zinavyopita mdomoni.

Jambo la ajabu ni kwamba mahadhi yenyewe yalikuwa yanangojea hivyo. Kwenye "kishindo", "shi" ni C, na C juu ya besi ya E haijatulia, inauma kidogo. "Ndo" ni B, na B ndiyo makao yake pale. Kwa hivyo silabi yenye mkazo inauma na ile ya mwisho inatulia, kisha ni kina cha kati, kisha pumzi. Babangu hakusoma muziki popote. Aliufuata ulimi wake tu.

Metronomu nimeizima. Inafaa kufundisha vidole mahali pa kukanyaga, lakini mtu haghani kwa saa ya ukutani.

23 Julai

Mistari yote minne imewekwa alama. Kwenye "mlango" ile "m" ni silabi yake kamili, m-LA-ngo, nimeipa noti yake.

27 Julai

Pumzi. Nilidhani kupumzika ni kutopiga. Nikisikiza rekodi nasikia kwenye kina cha kati besi ya E inaendelea kulia chini kwa chini mpaka upande wa pili wa mstari unaanza, kwa hivyo hakuna kimya chochote. Pumzi ya gita lazima ufanye kwa mkono: gumba linarudi kuugusa uzi wa 6 taratibu na kuunyamazisha, huku B ya juu ikibaki peke yake kidogo, kisha nayo inakwisha. Ukilirudisha gumba kwa haraka unasikia "tap". Linatakiwa lilale.

Muda wa kimya siupimi kwa sekunde. Navuta pumzi kwa pua, kweli kweli, na nikimaliza kuvuta ndipo "mawimbi" yanaanza.

31 Julai

Ukucha wa kidole cha pete umevunjika. Nilikuwa nashusha robota la leso kutoka rafu ya juu. Mwimbaji wangu hana sauti. Nimeukata wote, napiga kwa nyama tu.

3 Agosti

Ukucha huu umenifundisha. Nyama peke yake hutoa sauti nene, isiyong'aa, na ili isikike juu ya besi ilinibidi nibadilishe namna ya kupiga. Kuna pigo ambalo Waspania huliita apoyando: kidole hakichomoki juu hewani baada ya kupiga, bali kinapita ndani ya uzi na kuja kuegemea uzi unaofuata. Sauti inatoka imejaa, ina kifua. Nimelitumia kwenye silabi zenye mkazo tu. Silabi nyepesi napiga pigo la kawaida, kidole kinaingia kiganjani.

Kuna hatari moja. Kidole kikiegemea uzi wa pili yake kinaunyamazisha. Ukiwa na besi inayolia kwenye uzi huo umeiua. Nimekagua mstari wa kwanza silabi kwa silabi: kwenye "wi" besi iko uzi wa 4 na kidole changu kinaegemea wa 3, kwa hivyo ni salama. Kwenye "i" kinaegemea wa 4 na besi iko wa 6, salama pia. Mstari wa pili una mahali pamoja inagongana, pale nimeacha pigo la kawaida.

Gumba nalo nimelifundisha kubembeleza. Zoezi: besi kwa sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala, wimbo kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya ua. Mkono mmoja, sauti mbili. Ni zoezi gumu kuliko yote niliyofanya. Nalifanya kwa noti mbili tu, A ya chini na C ya juu, mara 50 kila jioni kabla ya kitu kingine.

7 Agosti

Unyevu. Nyuzi za besi, zile zilizozungushiwa uzi wa madini, zimeanza kufifia, chumvi ya hewa ya hapa Kibokoni haibakishi kitu. Nafuta kwa kitambaa kila nikimaliza, na gita silitundiki tena karibu na dirisha la baharini.

10 Agosti

Ile B ya "kishindo" ilikuwa inanisumbua siku nyingi. Ni uzi wa 2 wazi, na uzi wazi hauna mkono wa kushoto juu yake. Ukishaupiga umeshapoteza mamlaka nao. Hauwezi kutetemeshwa. Babangu "ndo" ile alikuwa akiitetemesha, si sana, kama maji kwenye beseni ukiligusa.

Leo nimekumbuka kwamba B hiyo hiyo iko pia kwenye uzi wa 3, freti ya 4. Na C ya "shi" iko freti ya 5 ya uzi huo huo. Kwa hivyo nikapanda na "kishindo" yote kwenye uzi wa 3: "ki" freti ya 2, "shi" freti ya 5, kisha nikateleza mpaka freti ya 4 bila kuupiga uzi tena. Kidole kinashuka freti moja huku kimebonyeza, na sauti inashuka nacho, haikatiki. Ndivyo anavyofanya mtu mwenye koo. Baada ya hapo kidole kinabaki freti ya 4 na kifundo cha mkono kinayumba taratibu kuelekea kichwa cha gita na kurudi. Kwenye nailoni utetemeshe kwa kufuata urefu wa uzi. Kuuvuta pembeni mimi hakunifai.

Nilirudia "kishindo" mpaka Ami akagonga bomba kutoka chini. Nikadhani namkera. Nikashuka kumwomba radhi.

"La, sikugonga unyamaze," akasema. "Ulikuwa umefika. Nilikuwa nakujibu."

Nikampigia pia mstari wa tatu, pale "ninayekuota" inaposhuka kutoka G shapu ya uzi wa 3 kwenda F, uzi wa 4 freti ya 3, kisha E, freti ya 2. Kati ya G shapu na F kuna pengo la freti tatu. Akacheka kwa raha. "Hiyo harufu ya Hijazi hiyo. Babako alikuwa akisikiza sana udi." Hijazi ni moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Nikakumbuka redio yetu, na sauti ya Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyeishi hapa Mombasa, jioni baada ya jioni. Ami akanionya nisitafute kwenye gita kila alichokipiga yule. Shingo ya udi haina freti, kidole hukaa hata katikati ya sauti mbili, na gita haliwezi. Lakini Hijazi hii inakaa vizuri kwenye freti.

17 Agosti

Mahali pa kupigia. Kutoka kichwani mpaka darajani gita langu lina sentimita 65, na uzi ule ule una sauti tofauti kila unaposogeza mkono wa kulia. Karibu na daraja ni nyembamba, kavu, kila kitu kinaonekana. Juu ya tundu ni ya kawaida. Ukisogea mpaka shingo inapoanza, sauti inakuwa ya mviringo, kama mtu anayezungumza ndani ya leso, kwa sababu uzi ukipigwa kuelekea katikati yake zile sauti za juu zilizomo ndani yake hupungua.

Mstari wa kwanza naupiga juu ya tundu. Wa pili, wa mafundo na machozi, nasogea shingoni. Wa tatu narudi polepole. Kituo, "Kusi ikija narudi", naupiga karibu zaidi na daraja na kwa nguvu, maana ndipo sauti inapopanda juu kuliko kote, E ya uzi wa 1, na "fungua mlango wako" ni mwito. Nimeuweka uwe mwito.

Nilikuwa nataka kubadilisha mahali kwa kila neno. Nimejizuia. Ukibadilisha kila wakati msikizaji anasikia mkono, hasikii shairi.

24 Agosti

Stima imepotea tangu magharibi. Nimepiga gizani beti zote tano, mahadhi ni yale yale na maneno ndiyo yanabadilika, kwa hivyo mikazo inahama ubeti kwa ubeti na besi zinahama nayo. Sikuutazama mkono hata mara moja. Ubeti wa tatu nimelia, sikuacha kupiga.

Kusi imeanza kulegea. Mchana maji ni matulivu.

31 Agosti

Mamangu alikuwa ameketi kwenye mkeka jikoni, ungo mapajani, anachambua mchele wa biriani ya wageni. Nikavuta kibao cha mbuzi nikakaa mlangoni. Sikumwambia kitu.

Navuta pumzi. Usiku una kishindo. Kimya. Mkono wake ulikuwa unasukuma mchele upande wa kushoto, chembe chembe, na ulipofika mwisho wa "mawimbi yananiita", kwenye ile G shapu, ukasimama juu ya ungo. Sikutua haraka. Nilipotua "ta" nao ukashuka juu ya mchele, ukabaki hapo. Mstari wa pili hakuinua uso. Wa tatu midomo ilikuwa inakwenda bila sauti. Nikapiga kituo kama nilivyokipanga, nikafika mwisho, gumba likalala juu ya nyuzi.

Nje watoto walikuwa wakipita na mpira. Aliwangoja wapite.

"Hapo kwenye 'fungua'," akasema, "babako hakuwa akiingia hivyo."

"Akiingiaje, Mama?"

Akaghani mwenyewe. Sijapata kumsikia mamangu akighani maisha yangu yote. "Kusi ikija narudi" aliitoa kwa sauti kamili, kama nilivyoipiga. Kisha akanyamaza, kimya kirefu kupita vina vyote vya kati vilivyotangulia, mpaka nikadhani amesahau. "Fungua mlango wako" ikatoka chini kabisa, karibu na pumzi tupu.

"Alikuwa akiutazama mlango kwanza," akasema. "Halafu ananiambia mimi. Si wa kupigiwa kelele huo, mwanangu, mtu yuko hapo hapo."

Mimi utotoni nilikuwa nikikaa nyuma yake, ngazi ya tatu, kichwa ukutani. Nilikuwa nasikia kituo kinavyopanda. Uso wake aliyekuwa akiuona ni mamangu.

Akaurudia mchele. Baada ya muda akasema, "Hebu rejea, kutoka 'nakumbuka'."

1 Septemba

Kazi ya leo usiku. Kituo, baada ya "narudi": nyamazisha besi zote, na sauti ya juu pia, ziishe kabisa. Mkono wa kulia utoke darajani uende shingoni wakati wa kimya hicho, bila haraka. "Fungua" bila ukucha, kwa nyama ya kidole, bila apoyando. Besi isiwepo chini ya "ngu", wala chini ya "la". Ya pekee ni A, chini ya "ko".

Mamangu ameniambia atakuwa sebuleni baada ya isha, mlango wa chumba nisiufunge.